Mzazi Aliyenona

Madam Magreth, mwalimu wao wa wodini, hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikuwa anakutazama tu mpaka ujione mjinga mwenyewe, ndipo anasema neno lake moja na kwenda zake. Siku ya mtihani wa vitendo wa mwaka wa tatu wa shahada ya uuguzi, Gladys alipangiwa kitanda cha mzee mmoja wa Mabogini, mkulima wa mpunga, mcheshi, aliyekuwa amekaa kitandani anakunywa uji. Gladys akamwamkia kama alivyolelewa: shikamoo babu, umeamkaje, wa nyumbani hawajambo? Mzee akasema ameamka salama na leo ana nguvu hata za kulima. Gladys akamgeukia mwalimu, akasema mgonjwa anaendelea vizuri.

Madam Magreth akafunua shuka. Akaweka dole gumba juu ya ugoko wa yule mzee, akabonyeza taratibu, akaondoa. Pakabaki shimo, limekaa pale kama kwenye donge la unga, wala halikuonyesha haraka ya kujaa.

"Umemwamkia," alisema. "Hujampima."

Mtihani Gladys alifaulu kwa kuponea chupuchupu. Wiki hiyohiyo chuo kikafunga, akafungasha mashine yake ya presha na kile kipimo cha kusikilizia moyo, akapanda kwao Rombo kwa ajili ya sherehe ya wifi yake. Njiani alikuwa bado anamnung'unikia Madam moyoni. Mtu unamsalimia mzee wa watu kwa adabu, unanyang'anywa maksi!

Huku juu mwezi wa saba si wa mchezo. Ukungu unakaa kwenye migomba tangu asubuhi hadi watu wanasahau rangi ya mlima, nguo hazikauki, na kila mtu anakohoa kidogo. Kwa hiyo kikohozi alichokisikia Gladys alipofika uani hakikumshtua. Kilitoka kwenye chumba cha nyuma, chumba cha mzazi.

Watu wa huko mwanamke akijifungua wanamwita mzazi, na kazi yake inakuwa moja tu: kula. Anakaa ndani miezi, mama mkwe anampikia mtori na kitawa vya ndizi, anamletea supu, anamchanganyia damu ya ng'ombe na mafuta na maziwa, na yeye anafungua mdomo. Siku ya kutolewa nje wanawake wa ukoo wanakuja kumtazama, na hapo anayepimwa si mzazi, ni mama mkwe. Mzazi akitoka na mashavu, shingo imejikunja mikunjo, mkwe anatembea kifua mbele mwaka mzima. Akitoka amekonda, mkwe huyo afadhali ahamie parokia nyingine.

Mama Mektrida, mama yake Gladys, hakuwa na wasiwasi wa parokia. Alikuwa mjane mwenye mikono mikubwa na mdomo mkubwa zaidi, na kwa kulisha wazazi alisifika tangu ujana wake. Sifa hiyo ilianzia pabaya, lakini ilianza. Mdogo wake, Eliona, alijifungua akiwa hana mkwe, mkwe wake alikuwa ameshafariki, basi Mektrida akamchukua akamlea yeye, katika chumba hichohicho cha nyuma. Eliona alinona mpaka watu wakaja kumwangalia kutoka vijiji vya pili. Kisha siku moja akafa, hivihivi, amekaa kwenye kiti, mtoto mapajani. Picha yake ilitundikwa sebuleni, uso wa mviringo unang'aa, na hadi leo wageni wakiitazama husema, maskini, alikufa amenona. Wanasema kwa kusifu.

Ukimuuliza Mektrida nini kilimuua Eliona, atakujibu bila kupepesa: macho ya watu. Walikuja wengi mno, na mmoja wao alikuja na kijicho. Ndiyo maana huyu Dominika, mke wa mwanawe Fredy, alimfungia ndani kama mbegu ya kupanda. Hakuna jirani aliyemwona tangu ajifungue. Hata kliniki, mtoto alipelekwa chanjo na bibi yake mgongoni, mzazi akabaki ndani na supu yake. Fredy mwenyewe, anayeuza vitunguu na maparachichi mpakani Tarakea, akija mwisho wa wiki alisalimia kutoka mlangoni, kama ilivyo desturi, akambeba mtoto, akaondoka.

Gladys alisukuma mlango wa chumba cha nyuma. Kulikuwa na giza la moshi. Dominika alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mito imemzunguka, mtoto amelala kitandani. Mara ya mwisho kumwona alikuwa msichana mwembamba wa shingo ndefu. Sasa shingo haikuwepo. Mashavu yalikuwa yamejaa hadi macho yamekuwa madogo, na miguu imeijaza soksi ya sufu ikafurika juu.

Alisema kile ambacho mtu yeyote wa Rombo angesema, kilichomtoka kabla hajakiwaza, kwa furaha ya kweli kabisa.

"Wifi, jamani, umenona! Mama amekufanyaje huyu?"

Dominika akacheka, kicheko kifupi kilichokatika katikati. Nje, jikoni, Mektrida alisikia. Kufika jioni ukoo mzima ulikuwa na habari: hata nesi wetu wa chuo kikuu amemwona, ameshangaa mwenyewe.

Kesho yake Gladys alianza kuona vitu vidogo, na kila kimoja kilikuwa na jibu lake. Dominika hakulala kitandani. Alisema kiti kinamfaa kunyonyeshea. Akizungumza alipumzika katikati ya sentensi. Alisema ni uvivu wa kukaa. Pete ya ndoa ilikuwa imezama kidoleni kama waya kwenye mti uliokua. Alisema, wifi si ndiyo kunona kwenyewe? Na kikohozi kile kilimjia kila alipojaribu kujilaza, kikamwacha ameshika ukingo wa kiti, midomo imepauka. Mektrida aliingia na bakuli la supu, la pili kabla ya adhuhuri, lenye chumvi ya kutosha maana supu ya mzazi haiwi ya hovyo. Akasimama hadi tone la mwisho.

"Baridi tu hii," alisema juu ya kikohozi. "Supu itakitoa."

Alasiri Gladys alimvua wifi yake soksi ampake mafuta miguu. Mpira wa soksi ulikuwa umechimba mfereji kuzunguka mguu. Aliutazama mfereji ule. Halafu mkono wake ukaenda wenyewe, bila yeye kuutuma, dole gumba likakaa juu ya ugoko, likabonyeza, likaondoka.

Shimo likabaki.

Alingoja. Kuku alipita mlangoni, akachungulia, akaondoka. Shimo lilikuwa bado pale.

"Inafanya hivyo siku nyingi," alisema Dominika. "Nilimwonyesha mama. Akasema... ni mafuta, bado laini. Yatakaza."

Gladys alichukua kipimo chake, akamwekea mgongoni, chini, upande wa kulia kisha wa kushoto. Alisikia mchakacho mdogo, laini, kama chungu cha mtori kikianza kuchemka. Moyo ulikuwa unakimbia, na Dominika amekaa tu. Gladys alikishusha kipimo. Alikuwa ameisoma hii, ilikuwa kwenye kipindi cha afya ya uzazi, mchana mmoja wa joto nusu ya darasa linasinzia: kuna wanawake ambao moyo unachoka baada ya kujifungua, unashindwa kusukuma, maji yanajaa miguuni kwanza, halafu yanapanda kwenye mapafu. Mtu anazama akiwa nchi kavu.

"Wifi, usiku unalalaje?"

Dominika aliangalia mlango kwanza. "Nalala nimekaa. Nikijilaza nakuwa kama nimetiwa kichwa kwenye mfereji. Usimwambie mama."

"Kwa nini nisimwambie?"

"Amenilisha kuliko mama yangu mzazi. Kesho kwetu wanakuja wote." Akavuta pumzi. "Wakute nini? Kwamba nilikuwa naumwa ndani ya nyumba yake? Nitoke kwanza. Nikishatoka nitaenda popote unapotaka."

Gladys alipanda hadi kwenye kona ya kihamba, shamba lao la migomba, ambako simu hushika mtandao, akampigia Madam Magreth. Alieleza kwa haraka na aibu, akitegemea kuambiwa anakuza mambo. Madam alimsikiliza hadi mwisho.

"Asilale chali. Supu za chumvi basi. Mlete leo," alisema. "Si kesho, Gladys. Leo."

Akampigia Fredy. Fredy alikuwa Tarakea anapakia, kelele tele nyuma yake. "Gladi, gari lenyewe linakuja kesho na soda na viti. Leo nitampeleka na nini, na bodaboda kwenye ukungu huu? Mama amelea wazazi kabla hatujazaliwa. Tumalize sherehe, jioni ileile tunampeleka, sawa?"

Akaenda jikoni. Mektrida alikuwa anamenya ndizi, karai limejaa, na wanawake wawili wa jirani wanamsaidia. Gladys alimwomba watoke nje kidogo, wao wawili. Akamwambia yote: moyo, maji, mapafu. Alisema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kichagga, akakuta maneno ya darasani hayana majina kwa Kichagga.

Mektrida alimsikiliza huku anafuta utomvu wa ndizi vidoleni.

"Jana ulisema amenona," alisema. "Nilikusikia kwa masikio yangu, na watu wamesikia. Leo ni maji. Nimwamini nesi yupi, wa jana au wa leo?"

"Jana nilimsalimia tu, mama. Sikumpima."

"Basi umejifunza kusalimia miaka mitatu." Alitabasamu kidogo, lakini macho hayakutabasamu. "Mwanangu, unajua kilichotokea nyumba hii. Nimemficha huyu binti asionwe na mtu, nimemlisha kwa mkono wangu, kesho namtoa mzima mbele ya waliosema sikuweza kumlinda Eliona. Niwaambie watu wa kwao nimemjaza maji? Mwache atoke."

Gladys alirudi chumba cha nyuma. Nusu yake iliamini anaweza kuwa amekosea. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, aliyekaribia kuanguka mtihani kwenye kitanda cha mzee wa Mabogini, ni nani amwangushe Mektrida mbele ya ukoo? Alimnyang'anya Dominika supu ya jioni, akaimwaga kwenye migomba, akampanga mito vizuri zaidi. Hicho ndicho alichoweza, na alijua ni kidogo.

Alfajiri aliamua kumwendea mama yake kwa njia ambayo mtu wa huko hawezi kuipuuza. Akaenda kwenye uzio wa masale, akakata jani la isale, refu, kijani, limelowa umande, akalifunga fundo kama alivyowaona wazee wakifanya. Mtu akikujia na isale, hata kama amekuchomea nyumba, unapokea na unasamehe. Alimkuta Mektrida anachochea moto, akapiga magoti, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Mektrida aliacha kuni. Aliliangalia jani, akamwangalia binti yake, na uso wake ukalegea.

"Umenikosea nini?"

"Nilisema uongo, mama. Nilisema wifi amenona. Hajanona. Naomba tumpeleke sasa hivi."

Mektrida alilipokea, maana halikataliwi. Alilichomeka kwenye mkunjo wa kitenge chake kiunoni na kumshika Gladys kichwani.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini isale linaomba msamaha, mwanangu, haliombi gari. Inuka ukaoshe bilauri."

Kufika mchana ukungu ulikuwa haujanyanyuka, watu wakaketi humohumo kwenye weupe, viti vya plastiki vimepangwa uani, pombe ya mbege imeanza kuzunguka. Watu wa kwao Dominika walikuwa wameshafika na mashuka na mablanketi ya zawadi. Gari la Fredy liliegeshwa chini ya mparachichi. Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguliwa, na Mektrida akatoka amemshika mzazi wake mkono.

Vigelegele vilipanda hadi kuku wakakimbia. Dominika alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba kirefu, uso umejaa, unang'aa kwa mafuta na kwa jasho, ingawa kulikuwa na baridi ya kuvaa makoti mawili. Alitembea hatua za mtu anayepanda mlima. Watu waliona madaha. Gladys aliona mshipa wa shingo unavyoruka juu ya mkufu, na akajua kwamba ndani ya kelele zile zote ni yeye peke yake anayesikia pumzi ya yule mwanamke.

Hata kabla hajakalishwa, mama mmoja mzee alitazama kile kiuno na yale mashavu akasema kwa sauti ya kutosha wote kusikia, "Aika, Mektrida, asante. Ni Eliona mtupu huyu."

Ilisemwa kwa sifa. Mektrida aliipokea kwa kichwa, akasimama katikati ya uwanja, akanyoosha mkono.

"Mimi sitajisifu," alisema. "Nina nesi wa chuo kikuu hapa. Yeye amemwona, ana vipimo vyake. Gladys, waambie watu huyu mzazi yukoje."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Gladys alisimama. Aliona uso wa mama yake, furaha iliyosubiriwa tangu Eliona alipozikwa, na akampenda kwa uchungu. Lilikuwa jambo rahisi tu, kusema neno la adabu, na kukaa.

Hakusema. Alivuka uwanja, akachutama mbele ya kiti cha Dominika, akapandisha upindo wa kitenge hadi chini ya goti. Akashusha soksi. Akaweka dole gumba, akabonyeza, akaondoa mkono na kujivuta pembeni ili wa mbele waone.

Waliona. Wa nyuma wakasimama ili waone. Vigelegele vilikwisha kimoja kimoja, mpaka uani pakabaki kikohozi cha Dominika peke yake.

"Hayo ni maji," alisema Gladys. "Yako kifuani pia. Siku mbili zilizopita nilisema amenona. Nilisema bila kumgusa. Nimekosea mimi, si mama."

Baba yake Dominika alinyanyuka kutoka kitini. Fredy aliacha kreti la soda likaanguka. Lakini aliyefika kwanza pale kwenye kiti ni Mektrida. Gladys alifunga macho akingojea kofi.

Mektrida alipiga magoti chini kwenye vumbi lenye unyevu na nguo zake za sherehe. Akaweka dole gumba lake kubwa kando ya lile shimo, akabonyeza. Yakawa mashimo mawili. Akapandisha kitenge chake mwenyewe, akabonyeza ugoko wake; nyama ikarudi palepale. Akabonyeza tena wa Dominika. Alikaa hivyo kwa muda, mkono kwenye ule mguu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka ufunguo.

"Fredy," alisema bila kugeuka. "Washa gari."

Njia yote ya kushuka Moshi Mektrida alikaa kiti cha nyuma amemwegemeza Dominika kifuani pake ili asilale, na kila mwanamke yule alipokohoa alimwambia, vuta, mwanangu, vuta tena. Gladys alikuwa mbele na mtoto, ameshampigia Madam. Hakuna aliyemlaumu mtu. Ukungu uliwaacha walipokaribia Himo, jua likawapiga usoni kwa ghafla.

Hospitalini Madam Magreth alikuwa anawangoja mlango wa dharura na kiti cha magurudumu. Hakusalimia. Alifunua kitenge, akabonyeza, akaangalia saa yake, na mikono minne ikamchukua Dominika ndani. Baadaye, jua likielekea kuzama, alitoka akawaambia kwamba Dominika amewekewa hewa, dawa za kutoa maji zimeanza kufanya kazi, na amewahi. Angelala nyumbani usiku huu mmoja asingeamka. Moyo wenyewe utachukua miezi kujulikana kama utapona, na kuzaa tena asifikirie kwanza. Kisha akamtazama Gladys, akamgusa bega mara moja, akaondoka.

Mektrida alikuwa kwenye benchi la korido, kilemba kimepinda, vumbi magotini. Alikuwa hajauliza kitu tangu wafike. Gladys akakaa kando yake, mtoto amelala.

"Eliona naye alikuwa anabonyea hivyo," alisema Mektrida. "Nilikuwa nambonyeza, anacheka. Tukawa tunafanya mchezo. Nikimaliza namwongezea supu."

Gladys alimfunika mtoto vizuri.

"Na yeye tungemleta, angepona?"

Kulikuwa na majibu mengi ya adabu. Enzi zile hospitali zilikuwa mbali. Enzi zile hawakujua. Mungu ndiye anayepanga. Gladys aliyapitia yote, na kila moja lilikuwa tayari mdomoni.

"Angewahi, mama," alisema, "huenda angepona."

Mektrida aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa. Mkono wake ukaenda kiunoni, ukatoa kwenye mkunjo wa kitenge lile jani la isale la alfajiri, limenyauka sasa, fundo lake bado limekaza. Alilinyoosha kwenye goti kwa kidole.

"Kaburi lake nililizungushia masale mwenyewe," alisema. "Yamekuwa marefu kunipita. Na hata siku moja sijawahi kumpa moja."